Wakati wa Mobutu: ni miaka gani hasa tunayoililia?

Kila mara tunapofungua simu kwa wasikilizaji, ikiwa mazungumuzo ni juu ya barabara, mushahara wa walimu ao usalama, haipiti dakika kumi bila mutu kutukumbusha kwamba wakati wa Mobutu mambo hayakuwa hivi. Zamani walikuwa ni wazee tu wanaosema vile. Siku hizi ni vijana pia, watoto waliozaliwa wakati huyu mutu alikuwa tayari kaburini. Wanasema inchi iliheshimiwa, kamioni zilitoka Bukavu mpaka Kisangani bila shida, feza ilikuwa na nguvu, na askari alikuwa askari.

Hatuko hapa kuwachekelea. Sehemu ya maneno yao ni kweli, na tutaiona. Lakini Mobutu alitawala karibu miaka 32. Ni mingi sana, na haikufanana. Mutu akisema wakati wa Mobutu, tunapashwa kumuuliza: ni mwaka gani? Njo maana tuliona inafaa kufuata maisha yake kutoka mwanzo, polepole, juu ndani yake kuko jibu la swali lingine ambalo wasikilizaji wanauliza kila siku: inchi hii iliharibika lini, na ni kitu gani hasa kilivunjika?

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 1930 huko Lisala, kando ya muto Congo, jimbo la Equateur. Familia yake ilikuwa ya kabila la Wangbandi, watu wa upande wa Gbadolite. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mupishi wa juji mumoja Mubeleji. Mama yake ni Marie-Madeleine Yemo, ile Mama Yemo ambaye hospitali kubwa ya Kinshasa ilipewa jina lake. Baba alikufa mapema, mutoto hajatimiza hata miaka kumi. Bibi wa yule juji alikuwa amempenda huyu mutoto, njo alimufundisha kusema na kusoma Kifaransa. Kisha baba kufa, mama alihangaika na watoto, kutoka kwa ndugu huyu mpaka kwa yule, na Mobutu akapita katika masomo ya mapadri mbalimbali.

Alikuwa na akili, lakini alikuwa mutundu. Mapadri wa Coquilhatville, muji tunaouita leo Mbandaka, walimufukuza, na azabu ya kijana wa namna ile wakati wa ukoloni ilikuwa jeshi. Akatiwa katika Force Publique. Kumbe azabu ile ilikuwa bahati. Kule Luluabourg, Kananga ya leo, alifundishwa kazi ya biro: kuandika kwa mashini, kupanga makaratasi, kuhesabu feza. Hakuwa askari wa bunduki sana. Alikuwa askari wa karatasi, anayejua orodha ya watu na mishahara yao. Muweke hilo kichwani, litarudi.

Mwaka 1956 alitoka jeshini akawa muandishi wa habari huko Léopoldville, katika magazeti L'Avenir na Actualités africaines. Ndiyo, alikuwa mutu wa kazi yetu. Sisi waandishi wa habari hatupendi sana kulikumbusha. Katika kazi hiyo alijuana na Patrice Lumumba, akawa rafiki yake na mutu wake wa kutumainiwa. Alikuwa Ubeleji wakati wa mikutano ya mwaka 1960 iliyotayarisha uhuru. Katika mukutano wa mambo ya feza na uchumi, vijana wa Congo walikaa mbele ya Wabeleji waliozeeka katika hesabu. Uhuru ukafika, na madeni mengi ya koloni yakabaki mezani, bila mapatano, kwa miaka mingine.

Siku tano kisha uhuru, maaskari waliasi. Hawakutaka tena maofisa Wabeleji, na walitaka kupandishwa vyeo na mishahara. Lumumba alimupandisha Mobutu kuwa koloneli na mukubwa wa etat-major ya jeshi. Huyu kijana wa miaka 29 alizunguka katika kambi, akazungumuza na maaskari kwa luga yao, na zaidi ya yote, akawaletea mushahara. Feza ile ilitoka wapi? Mingi ilitoka inje, kwa wakubwa wa dunia waliomuogopa Lumumba na waliokuwa wanatafuta mutu wao. Lakini askari hakuuliza noti ilitoka wapi. Wanasiasa wengine walikuwa na maneno mengi na kura nyingi. Mobutu alikuwa na orodha ya kulipa.

Tarehe 14 mwezi wa 9 mwaka 1960, miezi miwili na nusu kisha uhuru, aliwaweka kando Raisi Kasa-Vubu na Lumumba wote wawili, akaita vijana wa univerisite waongoze serikali kwa muda. Kasa-Vubu alirudi baadaye katika kiti chake. Lumumba hakurudi. Alifungwa na maaskari wa Mobutu, akatumwa Katanga, na huko aliuawa tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961. Mwaka 1966 Mobutu yule yule alimutangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Kila mumoja ahukumu mwenyewe.

Hapa kwetu Mashariki, ile miaka iliyofuata ilikuwa ya damu. Mwaka 1964 waasi wa Simba walishika Uvira, Stanleyville na sehemu kubwa sana ya Mashariki. Watu waliuawa na waasi, kisha wakauawa na waliokuja kufukuza waasi. Vijiji vilibaki mitupu. Kwa hiyo, wakati Mobutu alimupindua Kasa-Vubu tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1965, na kusema wanasiasa wapumzike miaka mitano, watu wengi walifurahi. Tusiwalaumu wazee wetu. Walikuwa wamechoka kukimbia. Na mwaka 1967, wakati mamluki wa Kizungu chini ya Jean Schramme walishika muji wa Bukavu kuanzia mwezi wa 8 mpaka mwanzo wa mwezi wa 11, ni jeshi la Mobutu lililowatoa na kuwasukuma ngambo ya Rusizi. Wazee wa Bukavu walioona ile vita wangali wanaonyesha nyumba zilizotobolewa na risasi.

Basi, miaka ile ambayo watu wanaililia njo inaanzia hapo. Mwaka 1967 serikali ilichukua kampani kubwa ya shaba, Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Mwaka ule ule, mwezi wa 6, feza mupya ilitoka: zaire. Zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Tusome tena pole: zaire moja, dola mbili. Zaire moja ilikuwa na makuta mia, na makuta machache yalitosha kwa sokoni. Bei ya shaba katika dunia ilikuwa juu. Walimu, wauguzi na wafanyakazi wa Leta walilipwa kila mwisho wa mwezi. Mapaki yetu ya nyama yalilindwa: ile ya Albert ilipewa jina la Virunga mwaka 1969, na Kahuzi-Biega ikaundwa mwaka 1970. Tena ni wakati ule mutu wa Goma, mutu wa Matadi na mutu wa Mbuji-Mayi walianza kujiona kuwa watu wa inchi moja. Hata vita vyote vilivyokuja baadaye havikuvunja ile fikra, na mimi naona hiyo ni kazi yake iliyobaki.

Lakini hata katika ile miaka mizuri kulikuwa na bei ya kulipa. Mwezi wa 6 mwaka 1966, siku za Pentekoste, Evariste Kimba aliyekuwa waziri wa kwanza na wenzake watatu walinyongwa Kinshasa mbele ya umati wa watu. Pierre Mulele alirudi mwaka 1968 kisha kuahidiwa musamaha, akauawa. Mwezi wa 6 mwaka 1969 wanafunzi wa Lovanium walipigwa risasi. Chama kikawa kimoja tu, MPR, na kila mutoto aliyezaliwa alikuwa memba bila kuulizwa. Watu wakajifunza kunyamaza. Kunyamaza si jambo dogo: inchi ambayo hakuna mutu anayeweza kumuambia mukubwa kwamba hesabu hii ni mbaya, ile hesabu itabaki mbaya.

Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa, kravati ikaondoka, abakosti ikaingia. Yeye mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Ziwa Albert likapewa jina lake. Wengi wanaicheka siasa hiyo leo, lakini wengi waliipenda pia, juu kwa mara ya kwanza mutu mweusi aliambiwa kwamba jina la babu yake halina haya.

Sasa tufike mwaka 1973. Kama mutu angetuuliza ni siku gani uchumi wa Kivu uliumwa ugonjwa ambao haujapona, tungemuonyesha tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973. Siku ile Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba makubwa, mifugo na viwanda vidogo vya wageni vinapita mikononi mwa wana inchi. Waliita jambo hilo zairianizasio. Kwa masikio lilikuwa jambo la haki. Nani angekataa? Wabeleji walikuwa na mashamba ya chai, kahawa na kinini katika milima yetu, Wagriki na Wahindi walikuwa na magazini katika miji, na mutu mweusi alikuwa ni kibarua tu. Fikra ya kurudisha mali kwa wenyeji haikuwa mbaya hata kidogo.

Shida ilikuwa ni nani alipewa. Shamba halikupewa kapita aliyelichunga miaka ishirini, ao wafanyakazi waliojua kila mustari wa kahawa. Walipewa wakubwa wa chama, maofisa, ndugu, marafiki, watu waliokaa Kinshasa na ambao hawakuwa wamelima hata bustani ya lengalenga. Mutu alipata karatasi, akafika katika magazini, akakuta bidhaa zimejaa. Akaziuza zote. Feza akanunua gari. Kisha rafu zikabaki mitupu, juu hakujua namna ya kuagiza nyingine wala hakuwa na mupango wa kulipa deni. Katika mifugo, ngombe wa maziwa waliuzwa kwa nyama. Katika mashamba, vibarua walingojea mushahara mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha wakatawanyika, na nyasi ikafunika kahawa.

Mwisho wa 1974 serikali ilijaribu kuchukua vitu vile kutoka kwa wale waliopewa, kisha mwaka 1976 ikawaita wenyewe wa zamani warudie sehemu ya mali yao. Wengine walirudi. Wengi walikuwa wameshaenda. Na wakati ule ule mambo mengine mawili yalikutana. Bei ya shaba ilianguka mwaka 1974. Na vita ya Angola mwaka 1975 ilifunga reli ya Benguela, njia ambayo shaba ya Katanga ilikuwa inapita kwenda baharini. Wakati feza ilikuwa nyingi, benki za inje zilikuwa zimekopesha inchi bila kuuliza sana, kwa kazi kubwa kubwa kama ule musitari wa umeme wa kutoka Inga mpaka Katanga, zaidi ya kilomita 1,700, unaopita juu ya vichwa vya vijiji ambavyo vingali na giza mpaka leo. Deni likabaki, feza ikaisha.

Watu wengi wanafikiri Mobutu hakuona. Aliona. Jambo hili linatushangaza kuliko yote katika maisha yake. Tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 1977 alisimama mbele ya taifa na kueleza ugonjwa wa Zaire kama daktari mwenyi kuwa na karatasi za laboratuari mukononi. Alisema kwamba katika inchi kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa, na kwamba mutu akipata sehemu ndogo ya mamlaka ya Leta, anaigeuza kuwa feza. Alisema hata mutu anayetafuta haki yake tu, kumusajili mutoto masomoni ao kutunzwa hospitalini, anatozwa kodi ya siri. Hakuna mupinzani aliyewahi kusema vizuri kuliko pale. Kisha alirudi nyumbani na kuendelea vile vile, juu utawala wake ulikuwa umejengwa juu ya jambo hilo hilo. Alimupa mutu cheo ili ale, akamuondoa wengine wale pia, akamurudisha kama aliomba musamaha. Minista hakuwa na wakati wa kujenga. Alikuwa na wakati wa kukusanya.

Na chini, mwalimu, karani na askari, ambao mushahara wao ulikuwa unayeyuka kila mwezi, waliachwa wajitafutie. Hapo njo tunarudia ile orodha ya kulipa. Yule kijana wa Luluabourg aliyepanda juu ya kulipa maaskari, alianza kuongoza inchi ambayo hailipi watu wake na inawaambia waishi kwa mugongo wa wengine. Karani akaishi kwa mutu anayetafuta karatasi. Polisi akaishi kwa dereva. Mwalimu akaishi kwa muzazi. Wote waliita hayo artikle 15, na tulicheka, na tukazoea. Kwa maoni yangu, kile kilichovunjika katika inchi hii hakikuwa kwanza barabara. Ni hapo.

Feza nayo ilianza kuoza. Mwishoni mwa 1979, siku za Noeli, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 zimekufa na zibadilishwe katika siku chache tu. Katika muji mukubwa, mutu alikimbia benki na kupigana katika foleni. Lakini mulimaji wa mulimani, siku mbili za miguu kutoka benki? Babu yangu aliuza mbuzi na maharagi miaka mingi, akaficha noti katika mukebe wa maziwa chini ya kitanda. Habari ilimufikia kisha siku zile kupita. Mpaka kufa kwake, hakuweka tena hata likuta moja katika karatasi. Akiba yake ikawa ngombe.

Mwaka 1978 wakubwa wa feza wa dunia walimutuma Mujeremani, Erwin Blumenthal, akae ndani ya Benki ya Zaire na kufunga mulango wa wizi. Alikaa karibu mwaka mumoja, akaondoka. Mwaka 1982 ripoti yake ilieleza kwamba waliokopesha Zaire hawana matumaini ya kuona feza yao. Waliisoma, na wakakopesha tena. Juu ya nini? Juu kulikuwa na vita baridi, na Mobutu alisimama upande wa Marekani. Mwaka 1977 na 1978, wakati waasi waliotoka Angola waliingia Katanga, Wamoroko, Wafaransa na Wabeleji walikuja kumusaidia, na Kolwezi ikarudi mikononi mwake. Mutu anayelindwa na watu wa inje hana tena haja ya kulipa vizuri askari wake wa ndani. Huko Gbadolite, katikati ya msitu, alijenga nyumba za marmari na uwanja ambao ndege ya Concorde iliweza kutua. Kwetu pia, Goma, alikuwa na nyumba kando ya ziwa.

Kulikuwa na Wakongomani waliosema wazi. Mwaka 1980 wabunge kumi na watatu walimuandikia barua ndefu ya kuonyesha makosa ya utawala. Walifungwa na kuhamishwa mbali, na mwaka 1982 chama cha UDPS kikazaliwa kutoka kwa mateso yale. Mwaka 1988 jimbo letu la Kivu liligawanywa kuwa matatu, Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Sheria ya uraia nayo ilibadilika: ile ya 1972 ilitoa kwa jumla, ile ya 1981 ikanyanganya. Moto uliowashwa na kalamu ile, kila mutu wa Masisi, Rutshuru ao Uvira anaujua.

Kisha vita baridi ikaisha, na wakubwa wa inje hawakuhitaji tena mulinzi. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1990, huko Nsele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Machozi yalimutoka. Konferansi ya Taifa ilifunguliwa mwezi wa 8 mwaka 1991, na kwa mara ya kwanza inchi nzima ilisikiliza redio kusikia nani aliiba nini na nani aliua nani. Mwezi wa 2 mwaka 1992, Wakristo walioandamana Kinshasa ili konferansi ifunguliwe tena walipigwa risasi.

Lakini pigo kubwa lilitoka katika kambi. Tarehe 23 mwezi wa 9 mwaka 1991, maaskari wa parashuti ambao mushahara wao haukufaa kitu waliingia katika muji wa Kinshasa na kupora. Raia wakawafuata. Magazini, depo, viwanda, hata milango na vyoo vilibebwa, na miji mingine ikafuata. Mwezi wa 1 mwaka 1993 ikarudi tena: maaskari walilipwa kwa noti mupya ya zaire milioni tano, wafanya biashara wakaikataa, na bunduki zikalia. Noti ile yote haikuzidi dola chache. Kutoka zaire moja ya dola mbili mpaka pale ni miaka 26 tu. Mwezi wa 10 mwaka ule ule wakatoa feza ingine, na milioni tatu za zamani zikawa moja. Mwaka 1994 bei zilipanda karibu mara mia. Gécamines, iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, haikufika tena hata 50,000.

Ni katika ile miaka wazazi walianza kulipa mushahara wa walimu. Masomo yalikuwa yamefungwa, watoto walikaa nyumbani, na wazazi pamoja na makanisa wakapatana: tulete kitu kidogo ili mwalimu arudi katika kalasi. Tuliita hicho kitu prime. Kilikuwa cha muda. Mimi mwenyewe nilifukuzwa masomoni juu ya prime, nikarudi nyumbani na daftari kichwani, mwaka ambao Mobutu alikuwa amekufa tangu zamani.

Mwaka 1994 wakimbizi zaidi ya milioni moja walivuka kutoka Rwanda, na maaskari walioua wakavuka nao. Mwaka 1996 vita ikaanza huku kwetu: Uvira, Bukavu, Goma. Mobutu alikuwa Uswisi, anatibiwa kansa. Jeshi lake lilikimbia, na wakati wa kukimbia lilipora wale wale raia liliowapashwa kulinda. Kila familia ya huku iko na hadisi yake. Kisangani ilianguka tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 1997. Mwezi wa 5 Nelson Mandela alimukutanisha na Laurent-Désiré Kabila ndani ya meli, huko Pointe-Noire, bila kupatana. Tarehe 16 alitoka Kinshasa kwenda Gbadolite, na kesho yake AFDL ikaingia. Wakati aliondoka Gbadolite katika ndege ya mizigo, inasimuliwa kwamba maaskari wake mwenyewe, walioachwa pale, walipiga risasi ile ndege. Alifika Togo, kisha Moroko. Alikufa Rabat tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka 1997, akiwa na miaka 66, na akazikwa kule.

Tumerudi kwa wasikilizaji wetu. Wakiuliza kama inchi inaweza kusimama tena, wengi wanangojea mutu mwenyi nguvu, Mobutu mwingine. Sisi tungependa waangalie mambo ambayo hayana kelele. Tangu 2011 serikali ilianza kulipa wafanyakazi kupitia benki, ili bahasha isipite tena katika mikono mingi. Mwezi wa 9 mwaka 2019 masomo ya musingi ya serikali yakawa bila malipo, na ile prime ya muda, kisha karibu miaka 30, ikapashwa kuisha. Haikuisha yote. Kuko walimu ambao hawako mekanize, kuko wanaotembea mbali kufuata mushahara, kuko kalasi zenye watoto mia, na vita imeharibu mengi. Lakini hapo njo mahali penyewe. Kila mwalimu anayelipwa na Leta, na si na mama anayeuza ndizi, ni kipande kimoja cha kile kilichovunjika.

Mwezi uliopita muzee mumoja alipiga simu, mwalimu wa zamani, akaanza kusifu wakati wa Mobutu. Safari hii tulimuuliza: ni mwaka gani? Alinyamaza kidogo. Akasema 1972. Alikuwa ameanza kazi, na kwa mishahara ya miezi michache alinunua mabati na kufunika nyumba ya mama yake. Tukamuuliza na 1992 je? Akacheka, akasema mwaka ule aliacha kalasi na kuuza mafuta ya taa kwa vichupa. Halafu akatuambia kwamba mabati yale yangali juu ya nyumba, yameanza kutoboka upande wa jikoni, na mujukuu wake, ambaye naye ni mwalimu, anangojea mwaka wa tatu kuwekwa mekanize ili ayabadilishe.